Alilazwa Mlangoni

Ofisi ya Tafsiri
Jumanne, 12 Januari 1988

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, watoto wamefungua shule na mama yao anakusalimu. Mimi ni mgongo tu, kwa kukaa. Mwaka wa kumi na moja huu nakalia kiti kimoja, nahamisha maneno kutoka karatasi hii kwenda ile, hadi kiti nacho kimechoka, kinalia kila nikigeuka.

Nina ombi. Unajua tunaandaa Injili kwa Kiswahili chepesi. Kabla haijachapwa, kila ukurasa lazima usomwe kwa watu wa kawaida tuone wanaelewa nini. Watu tuliowazoea hapa mjini wameshajua majibu tunayoyataka, na wanatupa hayo hayo. Kwa hiyo nimekuletea wewe nusu ya kwanza ya hadithi ya tajiri na maskini Lazaro. Msomee mtu mmoja mmoja, kwa sauti, mara moja tu. Halafu muulize maswali yaliyo chini na uandike jibu kama lilivyotoka mdomoni. Usimsahihishe. Hata akikosea kabisa mwache, maana kosa lake ndilo tunalolitafuta. Andika na mahali mliposomea. Majina si lazima.

Sasa habari ya chumba ulichomwombea Kaka katika nyumba yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mguu wa Kaka unanisikitisha, na maneno ya daktari nimeyaelewa: apate chumba kisafi, maji ya bomba, kidonda kioshwe mara mbili kwa siku, na mguu utapona. Lakini nawe nielewe, Dada. Nilipokuwa najenga ile nyumba nilimwamini Kaka awe msimamizi. Alilala humo humo. Niliporudi likizo nilikuta milango mitano imeuzwa na yote ameshainywa. Sikumshitaki. Nilisimama naye getini, nikamwambia mbele ya mlinzi kwamba asivuke tena hapo. Miaka tisa imepita na bado nikifunga mlango wowote namkumbuka.

Na usidhani nyumba ile ni anasa. Ni ya kustaafia. Sisi si matajiri. Vitu tumevifunika mashuka, na mama watoto hataki vyumba vipate harufu kabla hatujavilalia wenyewe. Nitaangalia njia nyingine. Kwa sasa namwombea.

Mdogo wako,
Msomi


Chumbani kwangu
Jumatatu, 25 Januari 1988

Mdogo wangu Msomi,

Marahaba. Karatasi yako imefika na nimeisoma kwa watu watatu. Nakupa majibu yao kama ulivyotaka, bila kuyapiga pasi.

Wa kwanza ni mwenzangu wa kufulia pale nyumba ya wageni. Nilimsomea tukiwa tunakamua mashuka. Swali la kwanza, maskini alikuwa wapi? Alijibu: "Hospitali. Si umesema alilazwa? Ila vitanda vilikuwa vimejaa, wakamlaza mlangoni, kama walivyomfanyia shemeji yangu." Tajiri alimfanyia nini? "Tajiri alikuwa chumba cha kulipia. Hawakuonana." Baada ya kufa, maskini alikwenda wapi? "Alikufa kwa kifua. Umesoma mwenyewe, kifua cha Ibrahimu." Nilitaka sana kumsahihisha, nikakumbuka amri yako nikaendelea kukamua.

Wa pili ni mlinzi wa nyumba moja niipitayo nikienda kazini. Mwenye nyumba haishi hapo. Mlinzi alisema: "Tajiri hakumfanyia kitu. Hakumpiga, hakumfukuza, ukimshitaki huyu utashindwa kesi. Lakini nyumba kama hiyo ilikuwa na mlinzi, na hadithi haimtaji. Mimi ningetaka kujua yeye alikwenda wapi." Nilimwambia swali hilo halimo. Akasema basi liongezwe.

Wa tatu ni mgonjwa anayeshinda nje ya geti hilo hilo. Maskini alikuwa wapi? "Nje. Lakini umesoma alikuwa akilazwa, si alikuwa akilala. Mtu huyu hatembei. Basi yupo anayemleta asubuhi na kumrudisha jioni, siku zote hizo. Waulize waandishi wako ni nani. Na waandike kwamba naye alichoka." Tajiri alimfanyia nini? "Alimzoea."

Hayo ndiyo majibu. Kuhusu chumba nimesikia, sitarudia. Nakueleza tu hali ilivyo. Kwangu unakujua, chumba kimoja, ngazi nyembamba, wapangaji wanane na bomba moja linalotoka maji likipenda. Mama mwenye nyumba amesema harufu ya kidonda inawasumbua watu, kwa hiyo mchana Kaka asikae ndani. Anashinda nje. Usiku anarudi. Nikimaliza kufua mashuka ya wageni nafua vitambaa vyake, na wakati mwingine mikono yangu naiona kama ya mtu mwingine. Kidole kimoja cha mguu kimekuwa cheusi.

Dada yako


Ofisi ya Tafsiri
Jumanne, 9 Februari 1988

Dada yangu,

Shikamoo, na asante sana. Huwezi kujua umetufanyia nini. Nilisoma majibu yako mbele ya kamati nzima, watu kumi na mmoja. Kwa yule wa hospitali mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Siku nzima tumebishana juu ya neno moja hilo. Mzee mmoja hapa anasema kulazwa ni kulazwa, watu wajifunze. Lakini tumekubaliana litoke. Zaidi ya yote wamempenda yule mgonjwa. Nilipofika pale pa "alimzoea", waliacha kuandika. Mwenyekiti aliniomba nirudie.

Ni nani huyo? Ningependa kumjua. Ofisi inataka kumtumia zawadi, kitabu chetu cha kwanza kitakapotoka. Nami nakuuliza kwa uchungu kabisa, hana ndugu? Mtu mwenye akili kama ile anaachwaje kushinda nje ya geti la watu? Na huyo mwenye nyumba, hata kama haishi hapo, hana wa kumwambia? Mwambie mlinzi amwandikie. Labda ni mtu mwema asiyejua tu. Wengi wetu ndivyo tulivyo, hatujui.

Nakutumia nusu ya pili: mateso ya tajiri, shimo kubwa lililo katikati, na ombi lake kwa ajili ya ndugu zake watano. Msomee mgonjwa wetu kwanza kabla ya wengine.

Habari ya Kaka bado naifikiria. Hapa tuna mambo mengi, lakini sijamsahau.

Mdogo wako,
Msomi


Chumbani kwangu
Jumamosi, 20 Februari 1988

Mdogo wangu,

Nusu ya pili nimeisoma. Mwenzangu wa kufulia alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Huyu tajiri hata motoni bado anatuma watu. Lazaro, lete maji. Lazaro, nenda kwa ndugu zangu. Hajamwambia Lazaro pole." Hakutaka maswali zaidi, mashuka yalikuwa mengi.

Mgonjwa wako nilimsomea asubuhi, kabla jua halijapanda ukuta. Siku hizi asubuhi ndiyo ana nguvu kidogo, mchana homa inampanda. Nilimuuliza shimo lile lilichimbwa na nani. Alisema: "Mungu alilikuta. Tajiri alianza kulichimba akiwa hai, kila siku kidogo, alipokuwa akipita na kuangalia upande mwingine. Alipokufa lilikuwa limeshatosha." Nilimuuliza kama anafurahi tajiri kuungua. Akasema hafurahi, na kwamba yeye mwenyewe hana hakika ataketi upande gani, kwa sababu umaskini wake aliutengeneza kwa mikono yake na aliwaumiza watu. Kisha kuhusu ndugu watano alisema hivi, nimeandika neno kwa neno: "Hapo simlaumu. Amewakumbuka ndugu zake. Ila anataka wapelekewe mtu mwingine. Angekwenda mwenyewe alipokuwa na miguu."

Umeuliza kama hana ndugu. Anao. Anayemleta asubuhi na kumrudisha jioni ni dada yake, kwa mkokoteni wa kuazima kwa muuza maji, na unatakiwa urudi kabla muuza maji hajaanza kazi. Ana na ndugu wa kiume, mdogo wake, yuko mbali.

Kuhusu mlinzi kumwandikia mwenye nyumba, barua yako niliwasomea wote wawili palepale getini, kama ilivyoandikwa. Mlinzi alivua kofia, akakuna kichwa, akaniuliza kama nina hakika ndivyo ulivyosema. Nikamwonyesha mstari. Amesema ataandika mwisho wa mwezi. Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa.

Nimechoka, mdogo wangu. Nikilala nauota mkokoteni.

Dada yako


Nyumbani kwako
Jumatatu, 29 Februari 1988

Kwako Bosi,

Taarifa ya mwezi wa pili. Nyumba ni salama. Bati moja la jikoni lilifunguka kwa upepo, nimelipigilia. Nyasi nimekata. Panya mmoja aliingia stoo akatoka mwenyewe, hakupata chakula. Vyumba vyote vitano vimefungwa na mashuka hayajaguswa.

Bosi, leo nina jambo jingine ambalo sijazoea kuliandika. Dada yako alinisomea barua yako hapa getini, unaposema mlinzi amwandikie mwenye nyumba, amweleze habari za mgonjwa. Sasa mwenye nyumba ni wewe, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Mgonjwa ni kaka yako. Anashinda hapa tangu mwezi wa kumi na moja. Amri yako naijua na yeye anaijua. Hajavuka geti hata siku moja, nakuapia kwa watoto wangu. Anakaa nje ya ukuta, penye kivuli. Bomba liko hatua sita kutoka getini. Najaza kopo, nampitishia kati ya nondo, naye anakunywa na kuosha mguu. Kama maji hayo ni kosa, kosa ni langu, uyakate kwenye mshahara.

Nilikuwa na hofu kwamba utanifukuza kazi nikikuambia. Nikikaa kimya, nayo ile hadithi aliyotusomea dada yako hainiachi. Nilisema mimi mwenyewe kwamba mlinzi wa tajiri hakutajwa. Sipendi nikaja kutajwa mimi.

Mvua kubwa zinakaribia na mchana anatetemeka. Naomba maelekezo. Ikinyesha, amri ni ileile, au naruhusiwa kumsogeza barazani mpaka ikatike? Nijibu mapema.

Mlinzi wako


Ofisi ya Tafsiri
Jumanne, 8 Machi 1988

Dada,

Barua ya mlinzi ilinikuta mezani, nikaisoma nimesimama. Mpaka sasa sijui nianze na lipi. Umenifanyia nini?

Nilisoma maneno ya Kaka mbele ya watu kumi na mmoja nikidhani ni ya mtu baki. Nilimsifu. Niliandika kwa mkono wangu kuuliza kama hana ndugu, na wewe ukaisoma hiyo barua mbele yake, mbele ya mlinzi wangu. Ukitaka kunisema, nisemee usoni, mimi ni mdogo wako, una haki hiyo. Sasa umeniacha nijihukumu kwa mwandiko wangu. Nina hasira na wewe, na nina aibu, na sijui ipi imetangulia. Jana mwenyekiti aliniuliza tena habari za mgonjwa wetu. Nikamwambia anaendelea vizuri. Hata uongo nimeanza.

Basi, yaishe. Kwenye kifurushi hiki kuna funguo, nimezifunga kwenye kitambaa. Nimemwandikia mlinzi pia. Mpeni Kaka chumba cha wageni, kile chenye dirisha la mashariki. Godoro litolewe nailoni. Maji atumie yote. Mama watoto nimemweleza, akanigeuzia mgongo, na mimi sikumbembeleza. Mwambie Kaka kwamba nimeruhusu.

Mdogo wako


Chumbani kwangu
Jumanne, 15 Machi 1988

Mdogo wangu,

Hasira yako ni halali, ila nusu tu. Sikukuficha ili nikutege. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utamwandikia mlinzi amfukuze, na mji mzima huu sina mahali pengine penye kivuli cha kutwa na mtu wa kumtupia jicho nikiwa kazini. Halafu, niseme ukweli, nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba siku moja utakuja likizo bila kuaga, umkute mwenyewe. Ulipouliza kama hana ndugu nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka. Kukuambia wazi nilishindwa. Hapo nimekosa na nakuomba radhi.

Funguo zimefika. Siku ile ile nilikwenda naye. Mlinzi alifungua geti pande zote mbili, kama la kupitisha lori, akafagia njia. Chumba alikuwa ameshakiosha. Nikasukuma mkokoteni. Tulipofika kwenye mstari wa geti, Kaka akakamata nondo kwa mkono mmoja akaniambia simama.

Nilidhani anaumia. Hakuwa anaumia. Alisema: "Aliyenikataza alisimama hapa, akanitazama machoni, akasema kwa mdomo wake. Nilimkosea yeye, sikumkosea mlinzi wala wewe. Aje yeye. Akitaka kunitukana anitukane kwanza, nimestahili, milango ile nilikula mimi. Kisha aniingize. Karatasi hainivushi."

Nilimwambia hicho ni kiburi cha maskini. Akasema labda, ila kiburi ndicho kitu pekee ambacho hakukipatia mnunuzi. Mlinzi alimsihi karibu apige magoti. Mwenzangu wa kufulia alikuja kumsihi. Amekataa. Mtu ni yule yule aliyekuwa akirekebisha saa za mtaa mzima na haachi kazi mpaka mshale usogee anavyotaka yeye. Tumemrudisha kivulini, na geti liko wazi, na yeye yuko nje.

Mmeniua ninyi wawili. Mmoja haji, mwingine haingii, na mimi nipo katikati na mkokoteni wa watu. Jana nilikaa kwenye karo la kufulia nikalia, si kwa uchungu, kwa uchovu tu, kama mtoto anayetaka kulala.

Daktari amemwona. Kidole cha pili kimekufa. Akipata pasafi sasa hivi, wiki mbili tatu, mguu utabaki. Akikosa watakata, na anasema moyo wa Kaka hauna nguvu ya kukatwa. Sikuombi pesa wala chumba, hivyo umeshatoa. Panda basi uje. Ukae saa moja tu, urudi kwenye kiti chako.

Dada yako


Ofisi ya Tafsiri
Alhamisi, 24 Machi 1988

Dada yangu,

Barua yako nimeipata. Tafadhali mbembeleze Kaka aingie, mimi nitafika tutazungumza yote. Kamati inamaliza kitabu katikati ya Aprili na wageni wa kukipokea wameshaalikwa. Nikiondoka sasa kazi ya miaka mitatu inalala. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 16 Aprili, bila kukosa. Ni wiki tatu tu.

Nimeandika hayo, nikayasoma, nikaona ni ya mtu wa ofisi. Ukweli ni kwamba naogopa. Kamati ingeweza kunipa siku mbili, na sijaomba. Miaka tisa nimekuwa nikipanga nitakachomwambia kuhusu ile milango, nimekipanga vizuri, na sasa hakifai kitu. Sijui nitamtazama vipi akiwa chini na mimi nimesimama. Mwambie anipe muda huo kidogo.

Mdogo wako,
Msomi


Nyumbani
Jumamosi, 16 Aprili 1988

Dada yangu,

Nimefika leo saa tano. Mlinzi ameniambia homa ilimzidi Kaka akawa hajitambui, mkamkimbiza hospitali ya rufaa siku ya Alhamisi, na kwamba watamkata mguu. Nimemkosa kwa siku mbili. Dereva wa gari la hospitali alikuwa hapa kuchukua nguo zenu. Nilimwomba anipakie, akasema gari limejaa wagonjwa na anaondoka sasa hivi, lakini barua ataipokea. Basi la kuja huko ni Jumanne. Nitapanda hilo.

Nakuandikia nikiwa nje ya geti, nimekalia jiwe alilokuwa akikalia. Jua limezunguka na kivuli hakijaondoka, ulisema kweli. Kutoka hapa unaona baraza yote, na viti, na bomba. Niliijenga nyumba hii miaka sita na sikuwahi kuitazama kutoka hapa. Nimefungua vyumba vyote. Mashuka yote nimeyatoa. Chumba chake nimekiosha tena kwa mikono yangu ingawa kilikuwa kisafi, mlinzi akabaki ananitazama.

Mwambie nimekuja. Mwambie sikutuma mtu. Habari ya milango nimeiacha, wala sitaitaja, na kama yeye akiitaja nitamwambia ilikuwa milango tu. Akitoka hospitali, akiwa na mguu au bila mguu, nitamwingiza ndani mwenyewe.

Na umuulize kama amenisamehe. Atakalosema liandike neno kwa neno, usilirekebishe hata likiwa chungu.

Mdogo wako


Hospitali, wodi ya wanaume
Jumatatu, 18 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Kaka amefariki jana, Jumapili, saa nne asubuhi. Walimkata Ijumaa. Alizinduka Jumamosi jioni, akaomba maji, akanywa, akaniambia nikalale. Sikwenda kulala, nilikaa naye. Asubuhi daktari alikuja akamfunika. Barua yako dereva alinipa jana hiyo hiyo saa tisa alasiri, walikuwa wameshamtoa wodini.

Umetaka neno kwa neno. Sina neno la kukupa. Nimekaa hapa tangu jana nikifikiri kwamba ningeweza kukutungia moja, na wewe ungeishi nalo vizuri, na hakuna ambaye angejua. Lakini umeniomba nisirekebishe. Jina lako hakulitaja siku hizi za mwisho, kwa wema wala kwa ubaya. Kama alikusamehe sijui. Wewe hukumuuliza alipokuwa anajibu, na mimi sikumuuliza kwa sababu nilikuwa nakusubiri wewe.

Sikuandikii hivi kwa kukuadhibu. Sina nguvu ya kumwadhibu mtu. Unajua vizuri kuliko mimi alikokwenda, wewe ndiye msomaji wa hayo maandiko. Mimi naomba tu pawe mahali ambapo mtu akifika anapokelewa.

Barua hii nampa kondakta wa basi linalokuja huko leo; wewe usipande la kesho, tutapishana njiani. Gari la hospitali limekubali kutuleta kesho. Kwangu jeneza haliwezi kupinda kwenye ngazi, na mama mwenye nyumba alishasema tangu tunaondoka kwamba hataki msiba kwake. Msiba utakuwa kwako. Mwambie mlinzi atandike mikeka barazani, na ampashe habari mwenzangu wa kufulia, atakuja na wenzake kupika.

Tutafika kama saa nane mchana. Nimembeba asubuhi na jioni tangu mwezi wa kumi na moja, kesho sitambeba. Nimewaambia wanaume wa kwenye gari walishushe jeneza nje ya geti, waliweke chini, na asiwepo wa kulinyanyua mpaka utoke wewe. Nyuma watakusaidia. Mbele ushike wewe.

Dada yako